Aliita Mara Mbili

Mambo yalianzia dirishani. Rahamata alirudi kutoka kazini, akaingia jikoni kutafuta chai, akamkuta mama yake amepanda kigoda, anabandika mkanda wa gundi, ule mpana wa kufungia maboksi, kuzunguka dirisha zima. Wala haikuwa baridi. Marseille mwezi wa kumi bado ina jua la kuanika nguo, na dirisha lile Bi Thuwaiba hulifungua alfajiri na kulifunga anapokwenda kulala, maana jikoni mwake hapakosi kitu cha kukaanga.

"Mama, unafanya nini?"

"Upepo."

"Upepo gani? Hata pazia halitikisiki."

"Nimekwambia upepo. Shika hapa, acha kunihoji kama polisi."

Neno lilimtoka bila kukusudia. Katika nyumba ile neno hilo halikutajwa ovyo tangu azikwe Nadhuiri.

Nadhuiri alikuwa mdogo wake Rahamata. Jioni moja ya baridi na mvua, mwezi wa pili, alitoka na sweta lake la sufu kwenda kunyoa, na asubuhi akaokotwa chini ya ukuta wa barabara kuu, amekufa. Polisi wa doria walisema walimsimamisha sokoni, akakimbia, wakampoteza hapo hapo sokoni, basi. Hawakumgusa. Aliruka ukuta mwenyewe, akaanguka. Kijana aliyekuwa akiruka kuta tangu hajaota meno ya mbele, eti kaanguka! Alipelekwa Ngazidja, kwao Komoro, akazikwa kijijini, watu wakala hitima, wakalia, wakarudi makazini kwao.

Rahamata hakurudi. Mwili ulirudi, roho ilikataa. Ndipo alipokutana na Bi Warda, mama wa Kialjeria mwenye sauti ya kukwaruza, ambaye kaka yake naye alifia mikononi mwa polisi zamani. Bi Warda alikuwa amekusanya familia za namna hiyo, na kila Jumamosi walisimama na picha za wapendwa wao mbele ya mahakama, mvua inyeshe isinyeshe. Yeye ndiye aliyewatafutia wakili. Bi Thuwaiba hakwenda hata Jumamosi moja. Akiambiwa, huumwa kichwa. Akibembelezwa, huwa na nguo za kufua. Na jambo hilo lilimkera Rahamata kuliko alivyothubutu kusema, maana mama gani huyo asiyesimama kwa ajili ya mwanawe?

Usiku uliotangulia siku ya dirisha, Rahamata alikuwa amemwambia habari mbaya: wakili kasema faili litafungwa kabla ya mwaka kwisha. Hakuna shahidi aliyemwona wala kumsikia Nadhuiri baada ya pale sokoni. Bi Thuwaiba alisikiliza, akasema "haya", akaenda kuswali. Kesho yake, mkanda wa gundi. Rahamata akaanza kumtazama mama yake kwa jicho la pembeni.

Jua lilipozama siku ile ile, alisikia mwenyewe.

"Mama!"

Sauti ilitoka chini, uani, zinapoegeshwa gari. Ikakaa kidogo.

"Mama!"

Ilikuwa ya Nadhuiri. Ndiyo hiyo, na ule mvuto wa mwisho, kama alivyokuwa akiita akisahau ufunguo, kwa kuwa kengele ya jengo iliharibika zamani na mwenye nyumba hana habari. Rahamata hakuogopa, alipandwa na hasira. Alijua ni vijana wamemrekodi kwenye simu wanacheza na misiba ya watu. Alishuka ngazi mbio, akazunguka ua wote, hata pale yalipokuwa mapipa ya taka kabla hayajahamishiwa upande wa barabara. Hapakuwa na mtu. Kulikuwa na harufu tu, kali, ya ile dawa ya kupuliza machoni wanayotembea nayo polisi, na harufu ya sufu iliyolowa, na mvua ilikuwa haijanyesha tangu kiangazi kianze.

Alipopanda juu alimkuta mama yake ameketi sakafuni jikoni. Mkono uko magotini, vidole viwili vimekunjwa, cha tatu kimesimama.

"Umesikia?" Rahamata alinong'ona.

"Sikusikia kitu."

"Unahesabu nini basi?"

Bi Thuwaiba alificha mkono chini ya leso.

Rahamata alijua anahesabu nini. Nani kati yetu, aliyelelewa na bibi, asiyejua? Ukiitwa magharibi na usiyemwona, usiitike mara ya kwanza, wala ya pili. Jini hana mara ya tatu. Binadamu mwenye haja nawe ataita tena. Ila mama alijuaje kuwa kutaitwa, hata akaziba dirisha mapema? Swali hilo lilimnyima usingizi.

Siku iliyofuata sauti ilitoka ngazini. Baadaye ikawa mlangoni, na harufu ikaanza kupenya chini ya mlango, hata wali ukaliwa kwa kukohoa. Kisha ikaja jioni moja Rahamata akiwa anakunja nguo, taa zote zinawaka na televisheni inasema, akasikia kitu kama viatu vilivyojaa maji vikikanyaga ukumbini, polepole, vikipita chumba cha Nadhuiri ambacho mlango wake ulikuwa umefungwa kwa funguo tangu msiba, vikipita choo, vikija vikasimama nyuma ya mlango wa jikoni alikokuwa mama yake peke yake, na kabla hajapata nguvu ya kunyanyuka ikaitwa "Mama!", kwa karibu, kwa upole, kama mtoto mwenye homa, na ikaitwa tena, halafu kimya, na katika kimya kile alimsikia mama yake akilia kwa kujiziba mdomo.

Mjomba Abderemane akaitwa. Kwa desturi yetu, kaka wa mama ndiye mwenye kauli ya nyumba, na mjomba huyu aliipenda kauli yake.

"Hili ni jini la kilio," alisema, anasukutua chai. "Mmelichokoza nyie na mapicha yenu barabarani. Serikali haishitakiwi, Rahamata. Mwache dada yangu arudi kwetu apumzike."

"Arudi, na faili lifungwe?"

"Lifungwe! Likifunguka atafufuka?"

Rahamata akamshuku naye. Mjomba alikuwa anaosha mabasi ya mji, na alikuwa amekwisha kusema waziwazi kwamba msimamizi wake hapendi jina lao magazetini. Kwa hiyo alipokuja siku ya pili na Mwalimu Soilihi, mganga mwenye kanzu iliyopigwa pasi na mfuko wa michezo wa timu ya Marseille uliojaa dawa, Rahamata alisimama mlangoni mikono kifuani.

"Mwalimu, umetumwa kutoa jini au kumnyamazisha mama yangu?"

"Loo! Binti una ulimi," alisema mzee yule. "Nipishe kwanza, nitakujibu nikitoka."

Alichoma ubani na udi mpaka king'ora cha moshi kikaanza kulia, na Mjomba akapanda kiti akikipiga kwa ndala, "Nyamaza, mwanaharamu wewe!" Rahamata alikaribia kucheka. Kisha jua likazama, king'ora kikakatika chenyewe, na moshi wote wa ubani ukasimama hewani, haupandi haushuki. Harufu ile kali ikaingia juu yake. Mwalimu aliyekuwa akisoma kwa sauti akaanza kusoma kwa midomo tu. Kitu kilikuwa kimesimama ukumbini katikati yao, hawakioni, maji yanadondoka kwenye zulia na zulia linalowa mbele ya macho yao, na kikaita, na kikaita tena.

Kilipopita, Mwalimu alijifuta jasho.

"Majini nimetoa mengi," alisema. "Jini akiita, yeyote akiitika humfaa. Huyu hataki yeyote, anamtaka mmoja. Niambieni ukweli. Nani humu aliitwa, akasikia, akanyamaza?"

Mjomba alimtazama Rahamata. Rahamata alimtazama Mjomba. Bi Thuwaiba ndiye aliyetazama dirisha.

"Mimi," alisema.

Maneno yalimtoka kwa shida. Jioni ile ya baridi alikuwa hapo hapo anakaanga samaki, dirisha wazi. Akasikia "Mama!" kutoka kule kwenye mapipa. Mkono ukamsimama. Akakumbuka ya bibi yake, akangoja. "Mama!" Akangoja ya tatu, akisema moyoni, akiwa ni mwanangu ataita tena. Badala yake akasikia mwanamume akisema, "Nyamaza, ingia garini," na kitu kizito kikigonga bati la mapipa, na mlango wa gari. Alipochungulia aliona taa nyekundu za nyuma zikipinda kona.

"Nilisikiliza mwanangu anakufa, mafuta yanaungua," alisema. "Niende kusimama na picha yake? Kwa uso gani? Usiku ule uliponiambia hakuna aliyemsikia, nikajua atarudi kuniita, nikaziba dirisha."

Rahamata alipiga magoti akamkumbatia. Alilia kwa huruma, na alilia kwa hasira pia, kwani miezi yote hiyo shahidi alikuwa anampikia chakula. Sijui lipi lilikuwa kubwa zaidi, wala yeye hajui.

"Mwitikie tu, ataondoka," Mwalimu alisema taratibu.

Bi Thuwaiba alitikisa kichwa. "Nikimwitikia humu atanyamaza, nami nitanyamaza tena. Nitamwitikia kule chini alikoniitia. Mbele yao."

"Utakwenda kumwambia hakimu wa Kifaransa habari za majini?" Mjomba alimaka. "Watakucheka! Watakuandikia wazimu!"

"Nitamwambia niliogopa. Kuogopa hata yeye anakujua."

Bi Warda alimshika mkono kumpeleka kwa wakili, na kwa hakimu aliyekuwa akichunguza kesi, mwanamke mkavu mwenye miwani. Mle ndani mlikuwa na mtu aliyeguna kicheko Bi Thuwaiba alipofika kwenye mara ya tatu. Hakimu hakucheka. Aliuliza, "Ulisikia kutoka wapi?" akaandika. Faili halikufungwa. Ikaamriwa wote wafike uani, saa ya magharibi, kila mmoja aonyeshe yalivyokuwa.

Walifika baridi imerudi. Miezi yote hiyo Bi Thuwaiba aliishi na ile sauti ukumbini, anajaza sahani, anajifunika leso, hajibu. Rahamata alikonda kwa woga. Uani palikuwa na hakimu na karani wake, mawakili, na afisa aliyeongoza ile doria ya sokoni, mtu mnene wa makamo, mikono mifukoni.

"Ua huu sijawahi kuukanyaga," alisema. "Leo ndiyo mara yangu ya kwanza."

Jua likazama nyuma ya majengo.

"Mama!"

Rahamata alishika bega la mama yake. Karani aliendelea kuandika. Hakimu alikuwa akitafuta kitu mkobani. Bi Warda alikuwa anapuliza vidole. Hakuna aliyesikia, ila watu wawili wa nyumba moja, na mmoja mwingine, maana afisa alikuwa ametoa mikono mifukoni na kugeuka nyuma ghafla, uso umemwisha damu.

"Mama!"

"Unatazama nini?" wakili wake alimnong'oneza.

"Nani anaita kule kwenye mapipa?"

Hakimu aliinua kichwa. Alitazama anakotazama afisa. Palikuwa na gari mbili zimeegeshwa na ukuta mtupu.

"Mapipa gani, bwana?" aliuliza. "Yalihamishwa kabla ya kiangazi. Karani, andika."

Na Bi Thuwaiba akapiga hatua mbele, akavuta pumzi, akaitika kwa sauti iliyofungua madirisha ya jengo zima.

"Ee mwanangu! Niko hapa! Mama yako niko hapa!"

Harufu ya dawa ikatoweka. Ikabaki ya samaki wa jirani.

Kesi bado inanguruma, na mawakili wa upande ule ni wengi. Lakini Jumamosi Bi Thuwaiba yuko mbele ya mahakama, na kipaza sauti cha Bi Warda sasa kinashindaniwa. Nyumbani kwao zulia limekauka. Wanaokaa mtaa mmoja na yule afisa ndio wanaosema kwamba mkewe amehamia kwa mama yake, na kwamba yeye, magharibi ikikaribia, huonekana amepanda kiti, anaziba madirisha kwa mkanda wa gundi.

Na Bi Thuwaiba akiitwa siku hizi, mchana au gizani, anayeita aonekane asionekane, huitika mara ya kwanza. Mjomba humgombeza: "Dada, ipo siku utamwitikia jini!"

"Nimwitikie," husema. "Huenda naye ni mtoto wa mtu."