Breki ya Upande wa Abiria

"Umekanyaga tena."

"Nimekanyaga nini?"

"Breki, Mwalimu. Gari lilikuwa linakwenda vizuri, mara limesimama katikati ya lami. Au limechoka lenyewe?"

"Kulikuwa na shimo."

"Kile kilikuwa kivuli cha bango."

Mwanamume alirudisha mguu wake nyuma na kugeuzia uso dirishani, upande wa bahari. Mwanamke akaingiza gia ya kwanza, wakaondoka.

Tuelewane mapema, maana hakosekani wa kusema hii nimeitunga. Gari lenyewe lilikuwa la shule ya udereva. Magari hayo yana breki mbili: moja ya dereva, nyingine upande wa abiria, ili mwalimu aokoe roho yake pale mwanafunzi anapochanganyikiwa. Juu ya paa kulikuwa na kibao cha herufi L kinachoonekana tangu mbali, ndiyo sababu kila aliyewapita kwenye barabara ile ya pwani alipiga honi na kucheka. Mwenye gari, mwenye shule na mwalimu wake wa pekee ni mtu mmoja, na hata mkewe humwita Mwalimu kama watu wengine wote. Yeye humwita mkewe Bibie. Bibie anafua mashuka ya hospitali. Mikono yake imezoea maji ya moto kuliko usukani, ingawa leseni anayo.

Na leseni hiyo aliipatia kwenye gari hilohilo. Alianguka mtihani wa barabarani mara mbili. Alipofaulu, Mwalimu akamwambia kwamba sasa hana tena kisingizio cha kumwona kila Jumamosi, kwa hiyo anaomba amuoe. Ndoa ina miaka mitatu. Si vijana hawa. Bibie alishakuwa mjane, Mwalimu alishaachwa. Na katika miaka yote hiyo, Mwalimu hakuwahi kumwachia mkewe usukani, hata wa kwenda sokoni.

Mara asubuhi ya safari akamtupia ufunguo.

"Leo unaendesha wewe. Njia nzima mpaka kwa mama."

Bibie alifurahi mpaka akaogopa kuuliza sababu. Walikuwa wanakwenda kukaa wiki mbili nyumbani kwa kina Mwalimu, likizo yao ya kwanza tangu waoane. Lakini furaha ya usukani haidumu mtu anapokuwa ametoka zamu jana yake. Barabara haikuwa na mwisho. Jua lilikuwa linapiga majini na kumrudia usoni, mchanga ulikuwa umevuka ukingo na kutanda kwenye lami, na mabega yalikuwa yanamuuma kama vile gari analisukuma.

"Bibie."

"Naam."

"Bahari ikoje leo?"

"Si hiyo hapo upande wako? Itazame."

"Nataka uniambie wewe."

"Ni bahari tu, Mwalimu. Huku karibu ni kijani, kule mbali inang'aa haitazamiki. Kuna watoto wanaoga na mbwa wao. Ndiyo umeanza mapenzi ya uzeeni?"

"Ndiyo. Endelea."

Akaendelea, akimsimulia kila kilichopita, na moyo ukamlainika licha ya uchovu. Wanawake tuna shida hiyo. Mtu akikuomba umsimulie bahari, unasahau kwamba mwenzako naye ana macho.

Walikuwa wanaingia kwenye kona Mwalimu alipopaza sauti.

"Mtu."

Mguu wake ukashuka kwa nguvu zote. Mikanda ikawakaba vifua. Nyuma yao matairi ya lori yalipiga kelele ndefu, kisha kimya. Kwenye kioo Bibie aliona bampa tu, hakuona kingine.

Dereva wa lori hakutukana. Alikuja akitembea polepole, akakiona kibao cha L, akaenda kuinama dirishani kwa Mwalimu.

"Mwalimu, mwanafunzi wako mpeleke uwanjani kwanza. Hapa tunapita watu wenye familia."

"Siyo yeye. Ni mimi."

"Wewe si ndiye mwalimu?"

"Ndimi."

Dereva wa lori akamtazama, akamtazama na mwanamke. Aliwapa pole na kurudi kwenye lori lake.

"Huyo mtu yuko wapi?" Bibie aliuliza.

"Amepita."

"Amepita kwenda wapi? Huku kuna ukuta, huko kuna maji."

"Basi nimekosea."

"Alikuwa mwanamume au mwanamke?"

"Bibie, endesha. Tuko vibaya hapa."

Aliendesha mpaka kwenye kituo cha mafuta cha kwanza walichokutana nacho. Akamwacha Mwalimu garini, akaenda kunawa uso na kununua maji. Alikuwa anasubiri chenji simu ilipotoa mlio wa ujumbe. Ni mama mkwe.

"Mwanangu nimeambiwa mmeshatoka. Mungu awaongoze. Nakushukuru sana kwa kukubali kumrudisha mwenzio nyumbani kwa roho safi. Kumuuguza mtu wa macho ni kazi ya miaka na wewe bado una nguvu zako. Likizo ikiisha ukarudi peke yako hakuna atakayekulaumu. Kwangu utabaki kuwa mwanangu."

Alisoma mara ya pili, chenji ikiwa imenyooshwa mbele yake na hajaipokea. Ufunguo wa asubuhi ukaeleweka. Bahari ikaeleweka. Na bado kilichomchoma kwanza hakikuwa macho, kilikuwa lile neno kukubali.

Alirudi garini, akakaa, akafunga mlango.

"Mwalimu, mimi nimekubali nini?"

"Nani amekupigia?"

"Mama ameandika. Ananishukuru kwa kukurudisha kwenu. Anasema nina roho safi. Hata mimi sikujua."

Akamnyooshea chupa ya maji. Mkono wa Mwalimu ulipita pembeni, ukarudi, ndipo ukaishika. Bibie alikuwa ameuona mkono ule ukifanya hivyo kwa miezi na kudhani ni uzembe wa wanaume.

"Ni presha ya macho," Mwalimu alisema. "Daktari anasema ilianza zamani. Pembeni sioni kabisa. Nilichobakiza ni kama kuchungulia kwenye tundu la ufunguo, na lenyewe linazibika. Kilichoondoka hakirudi. Matone yanachelewesha tu."

"Na shule?"

"Nimefunga. Niliwaambia wanafunzi gari bovu."

"Mimi ukaniambia wanafunzi wamepungua."

"Ndiyo."

"Mama yako anajua. Dada yako anajua?"

"Anajua."

"Kwa hiyo mimi ndiye dereva wa kukufikisha. Nikushushe na begi lako, nigeuze."

"Nilitaka nikuambie tukishafika."

"Mbele yao. Ili nione aibu kupiga kelele."

Sifa moja ya Mwalimu ni kwamba ukimbana hadanganyi.

"Ndiyo," alisema. "Ili ulie kidogo, wakubembeleze, uondoke. Bibie, mumeo wa kwanza ulimuuguza mpaka ukamzika. Uliniambia mwenyewe, kwenye kiti hichohicho ulichokalia. Ulisema hutarudia tena maishani kumshika mwanamume mkono kumpeleka chooni."

"Nilisema."

"Ulikuwa unatania?"

"Hapana. Nilimaanisha kila neno. Nilichoka, Mwalimu. Ule uchovu haujaisha mpaka leo. Nikikaa vibaya bado nausikia mgongoni."

"Basi ndiyo sababu."

"Ndiyo sababu ya kunidanganya?"

"Ningekuambia, ungebaki kwa huruma."

"Unajuaje? Mimi mwenyewe sijui ningefanya nini. Labda ningeondoka. Labda ningekaa. Hiyo nafasi ya kuwaza ilikuwa yangu, umeichukua ukampelekea mama yako."

Mwalimu aliiweka chupa miguuni.

"Nikuulize sasa?"

"Usithubutu. Sasa nimekasirika. Funga mkanda."

"Tunakwenda wapi?"

"Kwa mama yako. Unadhani nitarudi njia yote ile na mgongo huu?"

Wakatoka kituoni. Mwalimu alivua viatu, akakunja miguu yake yote miwili juu ya kiti na kuikumbatia, mtu mzima na mvi zake. Bibie aliona. Tangu gari lile liwe la shule, breki ya upande wa abiria haikuwahi kukosa mguu.

Ukuta wa hoteli ukapita, minazi ikapita, bahari ikajitokeza, ikafichwa na nyumba, ikajitokeza tena. Mwalimu hakuuliza chochote.

"Maji yanatoka," Bibie alisema ghafla. "Mchanga umebaki na mistari. Kuna mwanamke amekaa juu ya jiwe anakamua nguo."

"Sikukuuliza."

"Najua."

Mwalimu alilia. Hakujificha wala hakutoa sauti, alikaa tu na magoti yake kifuani machozi yakimtoka. Bibie alimpa kanga iliyokuwa mapajani mwake bila kuondoa macho barabarani.

"Yule wa kwanza alikuwa ananitukana kila nikimgeuza kitandani," alisema. "Hilo sikukuambia. Watu walidhani nimechoka kwa kazi. Wewe utanitukana?"

"Sijui. Sijawahi kuwa kipofu."

Bibie alicheka, akachukia kwamba amecheka.

"Ukinitukana naondoka."

"Sawa."

"Ukinidanganya tena naondoka kabla hujamaliza kusema."

"Sawa."

"Hayo matone unaweka saa ngapi? Mbona sijayaona?"

"Naweka bafuni. Nayaficha nyuma ya ndoo."

"Nyuma ya ndoo," Bibie alirudia kwa uchovu mwingi. "Dawa ya macho."

Walifika jua likiwa bado juu ya mapaa. Mama yake Mwalimu alikuwa mlangoni, mwanamke mfupi mwenye mikono mikubwa. Aliushika uso wa mwanawe akaugeuza huku na huku, kisha akamkumbatia Bibie kwa nguvu zaidi, zile za kumfariji mtu anayeondoka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Pole. Pole sana."

Dada yake Mwalimu alibeba begi la kaka yake moja kwa moja mpaka chumba cha nyuma, chumba alichokulia. Sakafu ilikuwa imepigwa deki. Kamba ilikuwa imefungwa ukutani kutoka mlangoni hadi choo cha uani, ili aifuate kwa mkono. Na kitanda kilikuwa kimoja, chembamba, mto mmoja.

Bibie alikitazama kitanda, akaitazama ile kamba iliyofungwa kwa mapenzi ya watu ambao hawakumuuliza kitu. Kisha akajilaza palepale na viatu vyake, akafumba macho.

"Pumzika mwanangu," mama mkwe alisema. "Ujipe nguvu za safari ya kurudi."

"Mama, mimi nimeendesha kutwa nzima. Hili lililobaki atalisema mwanao."

Nawaambia kweli, niliposimuliwa hapa nilidhani atakwepa. Wanaume wanaojua kuwafundisha watu kuvuka barabara zenye magari manne kwa mara moja, mbele ya mama zao huwa wadogo.

Mwalimu alitafuta fremu ya mlango kwa kiganja, akaegemea.

"Mama, nilikudanganya. Nilisema amekubali, na sikuwa nimemwambia chochote. Amejua leo, njiani, kwa ujumbe wako."

"Mwanangu wee."

"Tutakaa hizi wiki mbili, kisha tunarudi wote. Sikuja kukaa."

"Na kule nani atakuangalia? Mwenzio anashinda kazini."

"Sijui, mama."

"Na akichoka?"

"Akichoka atasema. Na mimi nitasikia, masikio ninayo."

Dada mtu alikohoa. "Sasa kaka, kitanda chenyewe ndicho hicho. Mtalalaje?"

Mama alikuwa anamwangalia mkwewe, miguu ikining'inia nje ya kitanda cha mtoto.

"Nenda kachukue godoro la chumbani kwangu," alimwambia binti yake. "Hili dogo nitalalia mimi."

Wakatoka mama na binti. Mwalimu akaufuata ukuta hadi kitandani, akaketi sakafuni, akazipapasa kamba za viatu vya mkewe, akaanza kuzifungua.

"Bibie, umelala?"

"Nimesikia yote."

"Nimesema vizuri?"

"Umesema tunarudi wote."

"Ndiyo."

"Hukuniuliza."

Vidole vyake vikasimama kwenye fundo. Nje walisikika wakiburuta godoro na kugombana kwa sauti ndogo, lipite mlangoni kwa ubavu au likunjwe.

"Bibie," alisema, na sauti ilikuwa ya mtu anayeogopa jibu. "Unataka turudi wote?"

Bibie aliwaza shuka, ndoo, mkono gizani, miaka. Aliwaza kwa muda aliotaka, na mwanamume yule akasubiri.

"Nataka," alisema. "Vua na cha pili, nilale."