Darasa Moja Mbele ya Shule

Kila jioni, nikishamaliza kufua na kupika kwa Bi Swabaha pale Mji wa Kale, nilipitia Mbaraki kuwajulia hali wanangu. Mwanangu Kiti, mkewe Mirriam na watoto wao wawili waliishi katika chumba kimoja. Kabati liliwatenga wazazi na watoto, na leso kuukuu iliyoning'inia kwenye kamba iliwatenga Menza na Loise.

Mwaka huo wa 1996 Menza alikuwa darasa la sita, Loise la nne. Loise akikwama katika hesabu, alipitisha daftari chini ya leso.

"Punda we," Menza alimtania. "Nusu na robo unazijumlisha kama ndizi?" Kisha alimfafanulia polepole mpaka aelewe.

Hata hivyo, Loise aliichukia leso ile. "Hawe," aliniambia, maana ndivyo wajukuu zangu wanavyoniita, "hata kubadilisha nguo lazima nimwombe Menza atoke nje!"

Mwezi wa Novemba Kiti aliamua kuhamia ng'ambo ya Makupa, nje ya kisiwa chetu. Alikuwa amepata nyumba mbili za kupanga. Moja ilikuwa Mikindani, yenye vyumba viwili vya kulala, karibu na shule kongwe iliyofika darasa la nane. Nyingine ilikuwa katika mtaa mpya ulioitwa Kwa Chirau. Hiyo ilikuwa na vyumba vitatu, hewa safi na uwanja wa watoto kuchezea, ila shule yake hatukuijua. Kiti alikwenda huko Jumapili akakuta lango limefungwa.

"Tunahama kwa ajili ya masomo," alisema. "Kama shule ya Kwa Chirau ni kamili, tutakwenda huko. Kama si kamili, ni Mikindani."

Siku za kazi Kiti alikuwa bandarini na Mirriam alikuwa Marikiti akiuza mboga. Ikafika wiki ya mtihani wa darasa la nane. Siku hizo watoto wa madarasa ya chini hukaa nyumbani ili watahiniwa wapate utulivu. Jirani yao Ngowa alikuwa akipeleka matofali Kwa Chirau kwa lori, basi Kiti akampa Loise afuatane naye.

"Wewe ndiwe jicho letu," alimwambia. "Itazame shule, uniletee habari zake kama zilivyo."

Loise alirudi uso unang'aa. Nilikuwa nimeketi nikichambua mchicha.

"Ehe, jicho letu! Shule umeiona?" Kiti aliuliza.

"Nimeiona, baba. Madarasa ni mapya. Watoto wanakaa wawili wawili kwa dawati."

"Walikuwa wakisoma?"

"Wanasoma sana! Walimu wote wako."

"Inafika darasa la nane?"

Loise alishika ncha ya leso. "Inafika."

"Mbona unaivuta hivyo?" Menza alicheka. "Unataka kuing'oa leo leo?"

Sote tukacheka. Kesho yake Kiti akaikataa nyumba ya Mikindani.

Walihama Desemba. Loise aliishusha leso mwenyewe, akaitupa juu ya mzigo wa sufuria. Kwa Chirau alipata chumba chenye dirisha na komeo, akawa anakifagia mara tatu kwa siku.

Januari niliomba ruhusa kazini, nikawapeleka watoto shuleni na barua zao za uhamisho. Mwalimu mkuu, Bi Truphosa, alitupokea vizuri.

"Huyu wa la tano, karibu sana," alisema. Kisha akasoma barua ya Menza, akaisoma tena. "Mama, la saba hatuna. Mwaka jana tuliishia la tano. Sasa ndio tunafungua la sita."

"Na mwakani?" Menza aliuliza.

"Mwakani tutafungua la saba."

"Mwakani mimi nitakuwa la nane."

Bi Truphosa aliikunja ile barua. Kila Januari shule ingepanda darasa moja, na kila Januari Menza angekuwa darasa moja mbele yake. "Labda arudie la sita," alisema kwa upole. Menza, ambaye hakuwahi kushika nafasi chini ya tatu, aliinamisha kichwa.

Ndipo mwalimu alipomtambua Loise. "Wewe si ndiye uliyekuja na lori la matofali? Nilikutembeza mpaka chumba cha mwisho, mwanangu. Nilikwambia hatuna madarasa ya juu."

Loise alianza kulia. Menza alimgeukia. "Hongera," alisema. "Ulitaka chumba kimoja, sasa umepata viwili, chako na changu."

Nyumba ya Mikindani ilikuwa imekwisha kupata wapangaji. Nafasi ya Menza katika shule yake ya zamani ilikuwa imechukuliwa na mtoto mwingine. Nilizunguka kisiwani siku nne, magoti yakiniuma, hadi Mwalimu Abdulhalim, anayesimamia shule moja karibu na Mji wa Kale, alipokubali kumpokea la saba. Menza akahamia kwangu, katika kichumba cha nyuma kwa Bi Swabaha. Nyumbani alikwenda siku za likizo tu. Kitanda chake Kwa Chirau kilibaki kimetandikwa, na Mirriam hakupenda kupita mlangoni pale.

Jumapili ya kwanza Loise alikuja kwangu, leso imekunjwa kwapani. Nilimketisha.

"Hukuulizwa unapenda nini, mjukuu wangu. Uliulizwa umeona nini. Baba yako alikuamini, akachagua kwa macho yako. Ungesema kweli, mngekuwa wote Mikindani."

"Nisamehe, Hawe."

"Nimekusamehe. Lakini msamaha wangu haumrudishi ndugu yako nyumbani." Kisha nikamwambia na la kwetu, maana kosa halikuwa lake peke yake. "Ingekuwa na la nane, wadogo wangekuwa nyumbani kama ninyi. Shule yote inasoma wiki ya mtihani, na sisi watu wazima hatukujiuliza kwa nini! Habari tunayoipenda ndiyo ya kuchunguza zaidi."

Menza aliichukua leso, akaitundika kati ya mkeka wake na kitanda changu, akaketi nyuma yake. Loise alifungua daftari la hesabu, akalipitisha chini ya leso. Lilikaa sakafuni muda mrefu. Hatimaye mkono ukatokea, ukalivuta.

Lilirudi limejaa majibu sahihi, yote kwa mwandiko safi. Loise alisubiri kuitwa punda. Hakuitwa.