Sura ya Nta Kabatini Kwetu

Jioni ile Mama alinituma chuoni nimpelekee kaka yangu viatu vyake vyeusi. Nilikwenda nikinung'unika, maana nilijua vinaenda kutumika kwenye upuuzi gani.

Mhadhiri wetu wa historia ya Roma alikuwa amefariki. Tulimwita Seneta kwa jinsi alivyotupia sweta begani kama anahutubia baraza, na yeye akadhani tunamsifu. Hata ukuu wa idara hakuupata. Mke hana, mtoto hana, mdomo anao. Kila mwaka alirudia somo lile lile la mazishi ya wakubwa enzi za jamhuri ya Roma: nyuso za wazee wao zilifinyangwa kwa nta, zikatunzwa kabatini nyumbani, na ukoo ukifiwa, watu wenye kimo cha wazee hao walizivaa wakaandamana.

"Maskini hufa mara moja," alikuwa akisema. "Mkubwa hurudi kila anapohitajika."

Basi wanafunzi wenzangu, vichwa maji wote, wakaamua kumuaga hivyo. Plasta ya uso wake, kalibu ya kumiminia nta, alikuwa amewaachia mwenyewe. Mtu gani mzima na akili zake hujitengenezea plasta ya uso? Wakayeyusha mishumaa, wakapata sura. Kwa kufanana na Seneta kimo na mwendo hakuwepo wa kumfikia kaka yangu, Ngongoti, tuliyesoma naye darasa moja, bingwa wa kutojua kukataa.

Nilipofika ukumbini alikuwa ameshaivaa. Alikaa mbele, kwenye kiti cha mhadhiri. Palinuka nta. Kisha nikasikia harufu nyingine... pipi za kifua, zile alizomumunya Seneta mhadhara mzima.

"Kaka, viatu vyako."

Nikaviweka miguuni pake.

"We, Ngongoti!"

Shingo ikageuka polepole...

"Umechelewa, binti."

Ilikuwa sauti ya Seneta, na kikohozi chake. Wenzangu wakapiga makofi, eti kaka ana kipaji. Mbumbumbu hawa!

Shughuli ilipokwisha, hakuna aliyetaka kubaki na ile sura. Kaka akaja nayo nyumbani, akaiweka kwenye kabati la vyombo, kati ya glasi za wageni. Tangu hapo akawa anakalia kiti cha marehemu Baba na kumsahihisha Mama kila alipofungua kinywa. Mama akafurahi.

"Mwache," alininong'oneza. "Mwanangu amekua."

Amekua nini? Kaka yangu alikuwa mtu wa kucheka hadi chakula kinamkwama kooni. Huyu hakucheka. Nilimtaka kaka yangu, basi.

Nikamwendea mhadhiri wa Kilatini, mama mtu mzima mwenye maneno machache.

"Ile sura mliipeleka wapi?" aliniuliza.

"Iko kwetu. Kabatini."

Akaweka kikombe chini. "Waroma waliirudisha nyumbani kwa ukoo wake. Huyu hakuwa na ukoo, mwanangu. Mmempa wenu."

Nilimcheka. Nikasema moyoni, kumbe na huyu ni mshirikina tu, kajificha nyuma ya vitabu. Lakini nilipofika nyumbani sikuwa nacheka tena. Mama alikuwa ametoka. Kaka alikuwa sebuleni peke yake, akizihutubia kuta kuhusu wafalme wa Roma na jinsi wa mwisho wao alivyofukuzwa.

Nikaitoa ile sura. Nikaitia kwenye sufuria. Nikawasha jiko.

Nta ikaanza kutoka jasho. Shavu la kushoto likalegea... likashuka... tone la kwanza likaanguka.

Ss...

Sebuleni hotuba ikakatika.

Kisha ukaja ukelele, na haukuwa wa Seneta.

"Mdogo wangu! Naungua!"

Nilizima jiko nikakimbia. Kaka alikuwa sakafuni, ameshika shavu la kushoto. Akanitazama, na alikuwa yeye, kaka yangu mwenyewe, analia. Nikamkumbatia. Nikamwita jina lake.

Machozi yakakauka machoni mwake huku namtazama.

"Usirudie, binti," akanong'ona.

Daktari amesema ni mshipa wa uso, utapona wenyewe. Haujapona. Upande wa kushoto bado umening'inia, na jicho halifumbiki hata akilala. Mama anaombea. Wale vichwa maji wamehitimu, wengine sasa ni walimu, Mungu awasaidie watoto wa watu.

Mimi nimebaki na kabati. Joto likizidi, naloweka vitambaa na kuvitandika pembeni mwa ile sura ili isilainike. Naifuta vumbi kwa ncha ya kidole. Namdharau yule mzee kuliko nilivyomdharau akiwa hai. Lakini kila asubuhi, kaka akiwa bado amelala chumbani, nafungua mlango wa kabati na kuinamisha kichwa.

"Shikamoo, mwalimu."

Kisha nasubiri, nimebana pumzi, maana asipoitikia upesi, kule chumbani kaka huacha kupumua.