Koti Bila Babu

Tarara, tarara, tarara.

Katika nyumba ile cherehani iliamka kabla ya jua. Majirani waliisikia wakiwa bado kitandani, wakajua kumekucha. Mjukuu wa fundi aliisikia pia, ndani ya usingizi wake. Alikuwa na miaka minne. Cherehani ikilia, alilala fofofo. Ikinyamaza, alifumbua macho papo hapo.

Asubuhi ile uzi ulikatika. Cherehani ikanyamaza. Fundi alilamba ncha ya uzi ili autie kwenye tundu la sindano. Kabla hajautia, alisikia miguu midogo ikija mbio sakafuni. Mikono miwili ikamkamata shingo kwa nyuma.

"Babu, upo?"

"Nipo. Nitakwenda wapi na suruali ya watu mapajani?"

"Usiende."

"Siendi. Nataka kwenda chooni tu."

"Twende wote."

Mama wa mtoto alikuwa mlangoni, anafunga kamba za viatu. Alicheka, lakini kicheko chake kilikuwa kimechoka. "Baba, kupe wako ameamka."

Kupe lilikuwa jina la utani. Mtoto alilipata mwezi ule ule alioanza chekechea. Kabla ya hapo alikuwa anacheza uani peke yake mpaka aitwe kula. Sasa aling'ang'ania nguo ya babu yake asubuhi hadi jioni, kama kupe kwenye ngozi ya ng'ombe.

Mama alisimama, akashusha sauti. "Baba, wewe huna simu, kwa hiyo shule imenipigia mimi mara mbili. Mara zote mbili niliacha mashuka kwenye maji, nikaja kumchukua. Msimamizi ameniambia, ya tatu nisirudi."

Alikuwa amepata kazi ya kufua mashuka hospitalini. Zamu ilianza saa kumi na mbili asubuhi. Alikuwa kwenye miezi mitatu ya majaribio, na ulikuwa umepita mmoja tu.

"Nenda kazini, mwanangu," fundi alisema. "Leo nina dawa yake."

"Dawa gani?"

"Ya kifundi."

Mama alipoondoka, fundi alimtayarisha mtoto. Mikono yake ilikuwa na miaka arobaini ya kazi. Alifunga vifungo vitano vya sweta kabla mtoto hajamaliza mwayo mmoja. Akamvisha soksi, akamvisha viatu, akamfuta pua. Mkoba akautia begani kwake, mtoto akampanda mgongoni. Walifika shuleni, na mguu wa mtoto ulikuwa haujagusa barabara.

Siku za nyuma fundi alikuwa akimwambia, "Tazama ndege yule." Mtoto akigeuka kutazama, babu anachomoka. Lakini ujanja huo ulikuwa umechakaa. Sasa mtoto hakutazama ndege tena. Hata ndege angetua kichwani kwake, macho yake yangebaki kwa babu.

Basi leo fundi alivua koti lake la kahawia, lile lenye kiraka kwenye kiwiko. Mtaa mzima ulilijua. Akalitundika kwenye kiti karibu na mlango wa darasa.

"Babu anakwenda kunywa maji," alisema. "Koti langu si hili hapa? Mtu ataacha koti lake?"

Mtoto alilitazama koti. Akaamini. Akaenda kuchezea vipande vya mbao pamoja na wenzake. Fundi alitoka kwa ncha za vidole, na shati tupu katika baridi ya asubuhi, akijisifu moyoni.

Siku ile simu ya mama haikulia. Mchana fundi alirudi shuleni anapiga mluzi. Mlangoni alimkuta mama msaidizi wa darasa, anakunja mikeka ya watoto. Watu walimwita Bi Polepole. Hakuna aliyewahi kumwona anakimbia, na hakuna mtoto aliyewahi kumshinda.

"Umeona dawa yangu?" fundi aliuliza.

"Nimeiona," Bi Polepole alijibu. "Kaa hapo, fundi."

Fundi alikaa kwenye kiti cha watoto. Magoti yakamfika kifuani.

"Mjukuu wako alicheza kidogo, kisha akaja kwenye koti. Akakuita. Akatia mkono wake kwenye mkono wa koti, akapapasa mpaka mwisho. Hakukuta kitu. Akaniambia, 'Babu ameisha.'"

Fundi alitazama kiti cha mlangoni; koti halikuwepo.

"Hakulia kwa sauti, ndiyo maana hatukupiga simu. Alilikumbatia koti, akakaa nalo kwenye kona. Hakula. Hakulala. Yule pale."

Fundi aligeuka. Mtoto alikuwa kwenye kona, kidevu juu ya ukosi wa koti. Alimwona babu yake, lakini hakumkimbilia. Alimtazama kwanza kwa muda, kama mtu anayekagua noti asiyoiamini.

Moyo wa fundi ulichanika kama kitambaa.

"Nilitaka asilie," alisema.

"Najua. Lakini njia ya mwongo ni fupi. Mtoto ukimtoroka mara moja, atakulinda kila saa. Ndiyo maana anakufuata mpaka chooni. Hakushiki kwa sababu ana deko. Anakushika kwa sababu hajui utatoweka lini."

"Sasa nifanye nini? Nikimuaga, atalia. Akilia, mama yake atapigiwa simu. Kazi itakwenda."

"Atalia, lakini kilio cha kuagwa kina mwisho. Cha kutorokwa hakina. Mwambie ukweli, kwa maneno machache, yale yale kila siku. Mwambie unakwenda wapi na utarudi lini. Usimwambie saa, haijui. Mwambie baada ya kulala kwenye mkeka. Mkeka anaujua. Ukishaaga, ondoka. Usirudi kuchungulia. Na wakati uliosema, uwepo. Ukichelewa, tumerudi kwenye koti."

"Hayo tu?"

"Bado mikono yako." Bi Polepole alicheka. "Ulipokuwa na wanafunzi wa ushonaji, uliwafundishaje?"

"Nilimpa kila mmoja kitambaa kibovu, aharibu ajifunze."

"Na huyu umempa nini aharibu?"

Fundi alitazama mikono yake.

"Asifungiwe vifungo," Bi Polepole aliendelea. "Mkoba abebe mwenyewe. Barabara aikanyage kwa miguu yake. Hapa tutampa msumari wake wa kutundika mkoba. Mtoto mwenye kazi ya kufanya mlangoni hana muda mrefu wa kulia. Mwamshe mapema kidogo, maana atachelewa kwenye vifungo. Na hilo jina la Kupe liacheni. Ukimwita mtu kupe, utamlaumuje akikuganda?"

Jioni fundi alimweleza binti yake yote, hata lile la mkono wa koti. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Baba, mimi nilijua unamuaga."

"Nilikosea."

Mama hakuwahi kumsikia baba yake akisema neno hilo. Hakumcheka. Alikwenda kuweka nguo za mtoto kwenye kiti kifupi, mahali mkono mdogo ungefika. Fundi naye alikata vifungo vya sweta. Akashona vingine, vikubwa kama visoda vya chupa, na matundu yake akayapanua. Akiwa anashona, alitunga maneno ya kuagana. Mtoto alikaa miguuni pake, akayashika yote kabla kifungo cha mwisho hakijakaa:

*Kofia yangu kichwani, mkoba u mgongoni,*
*Babu aenda kazini, nami naenda shuleni,*
*Nitokapo mkekani, tuonane mlangoni.*

Asubuhi iliyofuata sweta lilichukua muda mrefu kuliko kushona suruali nzima. Kifungo cha kwanza kiliingia tundu la pili. Cha pili kikaingia la tatu. Upande mmoja wa sweta ukapanda, mwingine ukashuka. Mikono ya fundi ilimwasha. Aliitia mfukoni, akaikunja huko huko.

"Nimemaliza," mtoto alisema.

"Umemaliza," babu alisema.

Barabarani walikutana na kinyozi wa mtaa anafagia mbele ya duka lake. Kinyozi aliegemea ufagio.

"Fundi, leo umeshona ukiwa umelala? Mbona sweta la mtoto linakwenda upande?"

Kwa miaka arobaini hakuna nguo iliyotoka nyumbani kwa fundi ikiwa imepinda. Masikio yake yalipata moto. Lakini aliinua kidevu.

"Hiyo si kazi yangu. Ni kazi yake. Wewe ulipoanza, ulinyoa vichwa vingapi vikatoka kama ramani?"

Kinyozi alirudi kwenye ufagio wake.

Mlangoni mwa darasa mtoto alitundika mkoba kwenye msumari wake. Ulianguka. Akautundika tena. Fundi alichuchumaa, wakasema maneno yao pamoja. Kwenye "tuonane mlangoni" sauti ya mtoto ilikatika. Akashika koti.

"Koti naondoka nalo," fundi alisema taratibu. "Babu yumo ndani yake. Ukitoka kwenye mkeka, tutakuja wote wawili."

Bi Polepole alimshika mtoto mkono. Fundi aligeuka, akatembea. Kilio kikamfuata mpaka getini. Kila hatua ilikuwa nzito kama ya mtu anayetembea kwenye tope. Nje ya ukuta akasimama kusikiliza.

Mtoto alilia kwa muda wa kushona mfuko mmoja. Kisha kilio kikapungua. Kisha kikanyamaza, na fundi akasikia vipande vya mbao vikigongana.

Siku ya pili alilia kwa muda wa kushona kifungo. Simu haikulia.

Siku ya tatu, adhuhuri, alikuja mteja, mwanamume mrefu mwenye haraka. Alitaka suruali aliyoivaa ikatwe miguu wakati anasubiri. Fundi alimaliza mguu mmoja. Akatazama kivuli cha mlango, akaona kimefika pale alipoweka alama ya chaki. Akainuka, akachukua koti.

"Unakwenda wapi?" mteja aliuliza. "Bado mguu mmoja."

"Nimeahidi mtu."

"Mtu gani huyo, hata nisubiri hapa bila suruali?"

"Mkubwa sana. Kaa, jifunike hicho kitambaa."

Alitembea mbio mbio, koti likipepea. Alipoingia getini, watoto walikuwa wanaamka. Mjukuu wake alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango, anavaa viatu. Cha kulia alikuwa amekivaa kushoto. Aliinua macho. Alilitazama koti, kisha akatazama uso juu ya koti.

"Umekuja."

"Nilisema."

"Ngoja kwanza. Sijamaliza kiatu."

Fundi alikaa kando yake, akangoja. Nyumbani mteja naye alingoja, miguu wazi chini ya kitambaa cha maua.

Wiki zilikwenda. Kilio kilipungua mpaka kikabaki kukunja midomo tu, kisha hata hiyo ikaisha. Vifungo vilipata matundu yao. Siku moja uzi ulikatika alfajiri na cherehani ikanyamaza. Fundi akangoja miguu midogo. Haikuja. Alikwenda kuchungulia. Mtoto alikuwa amelala chali, mdomo wazi, kama mtu asiyedaiwa na yeyote.

Mwezi wa tatu ulipokwisha, mama alirudi na karatasi ya ajira. Aliiweka juu ya cherehani. Fundi aliisoma mara mbili, akaipangusa vumbi la chaki.

"Kupe amenipatia kazi," mama alisema.

"Mimi si Kupe," sauti ilisema chini ya meza. "Mimi ninabeba mkoba wangu."

"Samahani, Mama Mkoba," mama alijibu.

Miaka miwili baadaye Mama Mkoba aliingia darasa la kwanza. Shule ilikuwa nyingine, yenye geti kubwa la chuma, na wazazi hawakuruhusiwa kupita hapo. Asubuhi ile kulikuwa na baridi. Watoto wengi walikuwa wameshika nguo za mama zao. Yeye alikuwa amefunga vifungo vyake vyote, na mkoba ulikuwa mgongoni.

Fundi ndiye aliyesimama kama aliyesahau njia. Mikono yake haikuwa na cha kubeba. Aliinyoosha ili arekebishe ukosi wa mjukuu wake, akakuta umekaa sawa. Akairudisha. Akatazama pembeni, kwenye paa la shule.

"Babu, unatazama ndege?"

"Ndiyo. Kuna ndege pale."

"Hakuna."

Fundi alipangusa jicho kwa kiraka cha kiwiko. Kengele ikalia. Mtoto alianza kwenda pamoja na wenzake, kisha akasimama, akarudi hadi kwenye geti. Aliingiza mkono kati ya vyuma. Akashika mkono wa koti, akapapasa taratibu mpaka akafika kwenye vidole vya babu yake, akavibana.

"Upo," alisema.

"Nipo."

"Basi nenda ukashone. Kengele ya mwisho ikilia, nitakuja hapa hapa, kwenye geti hili. Sitakutoroka, Babu."