Mwenye Wembe

"Wembe huu ni wa nani?"

Luhaga alikuwa amesimama kwenye mlango wa bafu, maji yanamchuruzika kichwani, mkononi ameshika wembe wa kunyolea ndevu. Mvua ilikuwa imemnyeshea akitoka soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, akaomba ajimwagie maji kabla ya kula. Odeta alikuwa jikoni anageuza sato kwenye kikaango. Alisahau kumzuia.

"Odeta, nakuuliza. Wa nani?"

Angeweza kusema ni wake. Wanawake wengi wana wembe bafuni. Lakini kwenye wembe ule zilibaki ndevu, fupi na nene, na dirishani palikuwa na chupa ya spirit ya wanaume, ile ya kupaka baada ya kunyoa.

"Wa mtu," akasema bila kugeuka.

"Mtu gani?"

Odeta akageuza samaki. Luhaga akauweka wembe mezani, taratibu, kando ya sahani mbili zilizokuwa zinasubiri chakula. Akavaa shati lake bichi, akatoka.

Luhaga alikuwa fundi wa majokofu ya samaki pale Mwaloni, mtu wa Usagara, mpole, asiye na maneno mengi. Odeta alikuwa fundi cherehani, amepanga chumba na sebule huko huko Kirumba, juu kwenye kilima cha mawe. Walikuwa wamependana mwaka mzima. Na mtu aliyekuwa akitumia wembe ule alikuwa Odeta mwenyewe.

Ndevu zilianza kumwota akiwa bado msichana kwao Nansio, kisiwani Ukerewe. Kwanza chache za kung'oa kwa vidole, halafu kidevu chote, halafu shingo. Mchumba wake wa kwanza, Elias, alimkuta asubuhi moja kabla hajanyoa. Akacheka. Kisha akaenda kuwasimulia wenzake gatini, na haikuchukua muda watoto wa mtaani wakawa wanamwamkia shikamoo babu. Odeta akapanda meli kuja Mwanza, na Ukerewe akawa harudi ila kwa msiba.

Tangu hapo, kila alfajiri alijifungia bafuni. Alinyoa kwa maji baridi na sabuni ya kufulia, akikandamiza wembe na kuupandisha kinyume na ndevu zilivyolala, ili kisibaki hata kivuli. Akimaliza alipaka ile spirit, inamchoma mpaka machozi yanamtoka. Vipele vilivyotokea alivifunika kwa poda. Luhaga akinyoosha mkono kumshika shavu, aligeuza uso, na Luhaga alidhani mpenzi wake ana aibu.

Jioni ile ya mvua Odeta angeweza kumpigia simu. Aliishika simu, akaiweka. Siku zilizofuata ndiye Luhaga aliyeandika:

"Nimemwambia mama hatuendi tena Usagara kukutambulisha. Nimesema una wateja wengi. Ya wembe sijasema."

Odeta aliusoma ujumbe huo mpaka akaukariri, lakini hakuujibu. Akaanza kunyoa asubuhi na jioni, kama mtu anayeziadhibu ndevu. Ngozi ikamshinda. Vipele viligeuka vijipu, nywele zikawa zinajikunja na kuota kwa ndani, shingo ikavimba. Mteja wake mmoja, Hellen, alikuja kuchukua gauni akaona damu kwenye ukosi wa blauzi ya Odeta, akamwambia waziwazi aende hospitali. Odeta alikwenda kwa sababu alikuwa hawezi tena kugeuza shingo.

Daktari wa ngozi, Dokta Fadhila, alimwomba avue mtandio. Odeta alilegeza fundo, akalikaza tena, ndipo akauvua. Daktari akamwinua kidevu kwenye mwanga, akatazama, hakushtuka. Alimwambia anapokea wanawake wa namna hiyo mara kwa mara, akamwandikia apime damu, huenda homoni zimeyumba. Kisha akaja kwenye suala la wembe. Aache kunyoa kabisa mpaka ngozi ipone, kama mwezi hivi, pengine zaidi. Awe anakanda kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu na kupaka dawa, asitumbue chochote, na spirit aitupe. Siku akianza tena, anyoe baada ya kuoga, ngozi ikiwa imelainika, apake povu la kunyolea, atumie wembe mpya na mkono mwepesi, aufuate upande ndevu zinakolalia. Asiivute ngozi wala kurudiarudia palepale. Amalizie kwa maji baridi na mafuta yasiyo na manukato.

"Mwezi mzima nikae na ndevu?" Odeta akauliza.

"Ngozi yako imechoka, mdogo wangu. Ipumzishe."

"Watu wataniona."

"Nyumbani unaishi na nani?"

"Sina mtu."

Daktari aliinua macho, akamtazama kidogo, ndipo akaendelea kuandika.

Mwezi ule ulikuwa mrefu. Odeta aliwaambia wateja jino linamuuma, akajifunga kanga usoni, akawa anapokea vitambaa dirishani. Kanisani hakwenda, kwaya aliisikia akiwa kitandani. Siku za mpira, kelele za uwanjani zilipanda mpaka kwenye mawe, maelfu ya watu wakishangilia pamoja, naye amekaa mbele ya cherehani anajishika kidevu. Moto wa ngozi ulipungua, uvimbe ukashuka. Hakuwa na mtu wa kumwambia kwamba uvimbe umeshuka. Ndevu nazo zilikua. Akijitazama kwenye kioo, alimwona marehemu baba yake.

Ndipo ujumbe wa Luhaga ulipoingia.

"Ode, sikulaumu tena. Niambie tu jina lake nipumzike. Kila mwanaume anayepita Mwaloni namwangalia nikidhani ndiye."

Odeta alilia mpaka kanga ikalowa. Halafu akaandika:

"Njoo kesho mchana. Utamwona."

Luhaga alifika amevaa shati lililopigwa pasi, kama mtu aliyeitwa mahakamani. Alipobisha, Odeta alivua kanga usoni, akafungua.

Luhaga alichungulia ndani kwanza, akimtafuta mwanaume. Macho yalipomrudia Odeta, yakabaki hapo.

"Yuko wapi?"

"Ni mimi. Wembe ni wangu."

Luhaga alikaa kwenye benchi la wateja. Odeta akamweleza yote, ya Nansio, ya Elias, ya daktari. Luhaga alisikiliza akitazama sakafu.

"Uliniacha niamini una mwanaume."

"Ndiyo."

"Kwa nini, Odeta?"

"Mwanamke mwenye mwanaume mwingine ungemsahau. Mwenye ndevu ungemsimulia kwa watu."

Luhaga akainuka. Akaondoka zake. Odeta alirudi kwenye cherehani, akashona mshono mmoja mpaka mwisho, akagundua hakuwa ameweka uzi.

Simu haikuita siku hiyo, wala zilizofuata. Odeta akaacha kujifunga kanga akiwa ndani. Mchana mmoja Hellen aligonga dirishani, naye akafungua hivyo hivyo, uso wazi. Hellen alimtazama, kisha akauliza kama mikono ya gauni inaweza kupunguzwa. Odeta akasema inaweza.

Luhaga alirudi jioni moja, jua likianza kupoa. Hakupiga simu kwanza.

"Nilikukimbia, sitakuongopea," alisema akiwa bado mlangoni. "Nimekaa kwangu nikijiuliza kama nitaweza. Kisha nikakumbuka jinsi ulivyokuwa ukigeuza uso nikitaka kukushika. Mwaka mzima umeumia mbele yangu, na mimi nadhani ni aibu."

"Sikukuonyesha."

"Bado inauma?"

Odeta alisema upande mmoja wa shingo bado unawaka joto likizidi. Ulikuwa muda wa kukanda, sufuria ya maji ilikuwa jikoni. Luhaga alichovya kitambaa, akakikamua, akanyoosha mkono, akausimamisha kabla haujafika.

"Naweza?"

Odeta akainua kidevu, akafumba macho. Mkono wa fundi yule ulikuwa mgumu, lakini kitambaa kilitua taratibu, kikalala pale palipokuwa panawaka. Odeta akaanza kutetemeka. Luhaga hakuondoa mkono.

"Nikibonyeza sana, sema."

"Hapo hapo," akasema. "Usitoe."

Mwaka uliofuata walifunga ndoa Nansio. Wapo walionong'ona gatini, na Odeta aliwasikia. Siku hizi hanyoi kila siku, na ngozi yake imetulia, yamebaki madoa meusi machache. Lakini zipo asubuhi ambazo upweke wa zamani humrudia akiwa mbele ya kioo, akakawia bafuni. Luhaga humuuliza kutoka sebuleni kama yuko salama. Mara nyingi hujibu kwamba yuko salama. Siku nyingine hujibu hayuko, na mumewe huacha anachokifanya, akamfuata.