Walisema Kasonia ni Mwoga

Ndugu zangu wa mtaa wetu wa Bungulu, na ninyi nyote mnaopenda kuchungulia nyumba ya jirani, sikieni habari ya Kasonia.

Alikuwa seremala hapa Beni, mtu mpole. Miaka ile ya vita, askari walipovunja milango ya watu, yeye aliitengeneza, na wajane hakuwadai kitu. Jioni alikaa mbele ya nyumba na mke wake Hulda, wakila ndizi na maharagwe, binti yao Bénite akiwasimulia mambo ya shule ya Jumapili. Walikuwa na amani.

Kisha vijana wa mtaa wakaanza kuingia porini kujiunga na wapiganaji wa Mai-Mai. Kasonia hakwenda. Hapo maneno yakaanza. Kanisani hakuna aliyetaka kukaa benchi moja naye. Kwenye chemchemi, wanawake walinyamaza Hulda alipofika. Siku moja Mama Kyakimwa, kiongozi wa kwaya, akamwambia mbele ya wote:

— Batoto yetu banakufa kule pori. Bwana yako iko nachonga mbao tu. Umuvalishe kikwembe ya banamuke, basi!

Wakacheka. Hulda akarudi nyumbani bila maji.

— Baba Bénite, siwezi tena, alisema akilia. Kila fasi napita, banasema mimi ni bibi ya muoga.

— Mimi hapana muoga. Sipendi kuua mutu, ni ile tu.

— Lakini batu banasema!

— Na wewe, unasema nini?

Angalieni, wapendwa: neno moja tu lingemwokoa mtu huyu. Hulda alimjua mume wake kuliko mtu yeyote, na alijua si mwoga. Lakini akainamisha kichwa.

— Enda tu, baba. Labda batanyamaza.

Kasonia akaenda, yeye ambaye hakuwahi kushika bunduki. Kabla mvua hazijaisha, mkulima mmoja alishuka kutoka kijiji cha Masereka na habari: Kasonia alipigwa risasi katika pigano lake la kwanza, nao wenzake wakamzika kando ya shamba la viazi.

Watu wakajaa matangani. Mama Kyakimwa akasema kwa sauti, Hulda akisikia:

— Baba ya mutoto, alienda kutafuta nini kule? Ni bibi ndiye alimufukuza.

Na wote wakatikisa vichwa kukubali.

Sasa Hulda hafanyi jambo bila kuuliza watu. Alipotaka kumwandikisha Bénite shuleni, mmoja alisema mjane asijionyeshe. Mwingine akasema msichana akisoma atafuata askari. Akaogopa, akaacha. Wenzake Bénite wamesoma na kumaliza. Yeye hajui hata kuandika jina la baba yake.

FUNDISHO

Midomo ya watu haishibi. Ukiitii leo, kesho itakuhukumu kwa sababu uliitii. Anayekusukuma kwenda kufa hatakuja kukulelea mtoto. Na wewe unayesema juu ya mwenzako, ujue neno lako linafika mbali kuliko wewe. Mpaka leo, mtaani kwetu, hakuna hata mmoja aliyemwomba Hulda msamaha.