Mguu wa Kulia wa Hashimu

Maiti ilikuwa imelazwa kwenye mkeka uani, imefunikwa khanga, na kuku wanapekua pembeni kana kwamba hakuna lililotokea. Inspekta Abdulmajid alishuka kwenye gari akishika goti. Barabara ya kutoka Morogoro mjini mpaka Mkuyuni ilikuwa imemtikisa hadi meno, na usiku hakulala. Miaka yote hii kazini, na bado kila kukicha mtu kamuua mwenzake. Hivi watu hawachoki?

"Marehemu ni Mzee Hashimu, afande, mfanyabiashara wa ndizi na viungo," alisema Koplo Ezekiel, dereva na msaidizi wake. "Amefariki jana jioni. Na aliyemuua ni yule pale."

Yule pale alikuwa kijana mpana wa mabega, amekalishwa ukutani, mikono imefungwa nyuma kwa kamba ya katani. Hamza, mtoto wa marehemu. Hakuwa anamtazama mtu yeyote.

Mwanamke wa makamo alikuwa amesimama katikati ya ua, khanga imemdondoka begani, sauti imemkauka.

"Mnyongeni! Kamuua baba yake! Kamuua ndugu yangu wa tumbo moja! Mnangoja nini?"

"Huyo ni Maimuna, dada wa marehemu," alinong'ona Ezekiel. "Kafika alfajiri kutoka Matombo."

Inspekta alichuchumaa kwa taabu, akafunua khanga. Uso ulikuwa mzima, hauna jeraha. Juu kidogo ya sikio la kushoto palikuwa na uvimbe mdogo, ngozi haikuchanika. Akafunua kope. Mboni ya jicho la kulia ilikuwa ndogo. Ya kushoto ilikuwa pana, nyeusi, karibu imejaa jicho zima.

Hakulipenda jicho lile. Akamrudishia marehemu khanga yake, akaagiza mwili upelekwe hospitali mjini kwa uchunguzi.

Hamza alihojiwa katika ofisi ya kijiji.

"Ulimpiga na nini?"

"Sikumpiga. Nilimsukuma."

"Kwa nini?"

"Alirudi amelewa."

"Baba yako alikuwa mlevi?"

"Hajaonja pombe tangu azaliwe. Ndiyo maana nilipandwa na hasira."

"Alinuka pombe?"

Hamza alitikisa kichwa. "Hapana."

"Sasa ulijuaje?"

"Nimetoka shambani magharibi, namkuta anayumba. Namuuliza umetoka wapi, ananijibu maneno hayana kichwa wala miguu. Anaonyesha mtungi, anataka maji, anasema kamba. Kamba, kamba, nipe kamba. Majirani wanachungulia. Nikamwambia, baba, unatuaibisha, mlevi wewe. Akanikamata shati. Nikamsukuma."

"Akaangukia kichwa?"

"Aliangukia makalio, akajilaza. Akaanza kukoroma. Nikasema mwache alale, zimtoke. Baadaye mkoromo ukakatika. Neno la mwisho nililomwambia baba yangu ni mlevi. Andika tu, afande. Nimemuua mimi."

Basi kesi ilikuwa imekwisha, kwa wenye haraka. Mkuu wake alipopiga simu hakutaka hata salamu. Mtu kakiri, majirani wameona, unatafuta nini tena? Kesho asubuhi apandishwe kizimbani kwa kosa la mauaji.

Kesho asubuhi. Na adhabu ya mauaji ni kitanzi, kila mtu anajua. Inspekta alimpeleka Hamza mahabusu mjini, akaenda chumba cha maiti. Alichotamani kilikuwa kitanda chake.

Dokta Hetal, mtaalamu wa uchunguzi wa maiti, alizaliwa Morogoro mjini juu ya duka la vitambaa la babu yake, na Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni kabisa. Naye macho yalikuwa mekundu kwa uchovu.

"Shikamoo, Bwana Majid. Umekonda."

"Marahaba. Na wewe umezeeka. Niambie huyu kafa na nini, nikalale."

"Leo hulali. Njoo utazame."

Aliugusa upande wa kushoto wa fuvu kwa ncha ya koleo.

"Hapa juu ya sikio, mfupa ni mwembamba kuliko sehemu nyingi za fuvu. Kwa ndani una kifereji, na ndani ya kifereji hicho unapita mshipa wa ateri unaolisha utando wa ubongo. Mfupa umepata ufa. Ufa umechana ateri. Damu yote imejaa hapa, kati ya mfupa na utando." Alimwonyesha bonge jeusi la damu, la kujaa kiganja.

"Kwa hiyo alipopigwa tu, akafa."

"Thubutu! Ndio ubaya wake huu. Mtu anapigwa, anapata kizunguzungu kidogo, anaamka. Anaongea, anakula, anacheka. Anajiona mzima kama wewe. Kumbe kila moyo unapodunda, ateri inasukumia damu pale. Na fuvu halitanuki, Bwana Majid. Kinachosogea ni ubongo."

"Halafu?"

"Halafu inategemea ni upande gani. Nusu ya kushoto ya ubongo ndiyo inayoendesha kulia kwa mwili. Njia za neva zinashuka kutoka huku juu, zikikaribia uti wa mgongo zinapishana, za kushoto zinavuka kwenda kulia, za kulia kushoto. Ubongo ukikandamizwa kushoto, unaolegea ni mkono wa kulia na mguu wa kulia. Na kwa watu wengi, maneno nayo yanakaa kushoto."

"Anataka maji, anasema kamba," alisema Inspekta taratibu.

"Nani kakwambia hivyo?"

"Mtoto wake. Na lile jicho?"

"Neva inayokaza mboni yenyewe haivuki. Inabanwa upande ule ule wenye damu. Mwishowe ubongo unasukumwa chini, unaligandamiza shina lake, na humo ndimo inamotoka amri ya kupumua. Mtu anakoroma, kisha kimya."

"Mtoto alimsukuma akaangukia makalio."

"Kisogoni hakuna hata mchubuko. Bonge hili lilianza kujaa mchana, si magharibi. Hilo naliona mimi. Lakini wakili atanisimamisha aniulize, alipigwa wapi, na nani aliona? Sina jibu. Mtafute mtu aliyemwona mchana akitembea."

Alikawia mjini kwa karatasi za kesi, na alipofika tena Mkuyuni jioni, mwili ulikuwa umemtangulia na Hashimu ameshazikwa. Wanaume walikaa kwenye mikeka nje, wanawake ndani. Mtoto wa pekee wa marehemu alikuwa mahabusu, hakutia hata konzi ya udongo kwenye kaburi la baba yake, na hakuna aliyelisema hilo kwa sauti.

Lakini watani walikuwepo. Kwa Waluguru, msiba bila watani ni mboga bila chumvi. Mtani anazuia jeneza, anadai kuku, anamwigiza marehemu mpaka wafiwa wacheke huku wanalia. Mtani mkuu siku hiyo alikuwa Bartholomeo, mpakiaji ndizi wa sokoni, wa ukoo unaotaniana na ukoo wa Hashimu tangu enzi za mababu. Alikuwa amevaa kofia ya marehemu na koti la marehemu, anapita katikati ya mikeka.

"Mimi Hashimu, bwana! Swala tano sikosi! Lakini jana nimeonja za watu!"

Akawa anatembea. Mguu mmoja unakanyaga vizuri, mwingine anauburuta, vidole vinachora mchanga. Mkono mmoja unaning'inia. Mdomo umeanguka upande. Watu walivunjika mbavu. Mzee mmoja alifuta machozi kwa kanzu.

Inspekta Abdulmajid aliinuka, magoti yakalia.

"Bartholomeo. Rudia."

"Afande naye anataka utani? Toa kuku kwanza!"

"Rudia, nakuomba. Ulikuwa unaburuta mguu gani?"

"Huu. Wa kulia."

"Una uhakika si wa kushoto?"

"Aa, afande! Mtani haigizi ovyo ovyo. Ukikosea, wafiwa wanakuzomea. Wa kulia, na mkono ni huu huu wa kulia. Aliangusha mfuko wake, akauokota kwa kushoto."

"Ulimwona lini?"

"Jana alasiri. Aliposhuka sokoni kwenye gari la ndizi kutoka Matombo. Nikamwambia, Hashimu, leo umelewa! Akacheka kwa upande mmoja wa mdomo. Soko zima likacheka." Kisha kicheko kikamtoka Bartholomeo usoni. "Afande. Hakuwa amelewa?"

"Alikuwa anakufa."

Bartholomeo alivua kofia. Akaketi pale pale mchangani. Soko zima lilimwona Hashimu, na hakuna aliyemkimbiza hospitali, kwa sababu mtu mwema akiyumba, watu huona raha kumcheka. Inspekta alisikia hasira, na hakujua amkasirikie nani.

"Matombo alikwenda kwa nani?" aliuliza.

Mzee wa kanzu ndiye aliyejibu. "Kwa dada yake. Kwa Maimuna."

Maimuna aliitwa, akatoka, akaketi barazani. Inspekta alikaa ngazi ya chini yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Jana mchana Hashimu alikuwa kwako."

"Alikuja kunijulia hali."

"Mkagombana."

"Wagombanao ndio wapatanao, afande. Tulipatana."

"Mligombania nini?"

"Mambo ya ukoo. Yamekwisha."

"Mama, alikuwa na uvimbe hapa." Aligusa juu ya sikio lake la kushoto. "Alipigwa na kitu kigumu."

Maimuna alianza kuukunja upindo wa khanga. Aliukunja, akaukunjua.

"Kile kilikuwa kidogo tu," alisema.

Inspekta alingoja. Baada ya miaka yote hiyo, alijua kungoja kuliko kuuliza.

"Wewe si mtu wa huku milimani. Sisi ardhi inafuata mama. Shamba ni la lukolo, la ukoo wetu, mimi na yeye tumelipata kwa mama yetu, na kaburi lake limo mle mle. Hashimu akifa, ni la wanangu. Hamza ni wa ukoo wa mama yake. Sasa Hashimu ananiambia ameshaongea na wapima ardhi, anampa Hamza! Nikamwambia utalaaniwa. Akasema, dada, dunia imebadilika, mwanangu hana shamba lake mwenyewe. Nilikuwa natwanga kisamvu. Mchi uko mkononi. Mkono ukaenda."

"Akaanguka?"

"Alipiga magoti, akashika kichwa. Mimi nikapiga kelele. Halafu akacheka, afande! Akasema, dada, mkono wako ni ule ule wa utotoni. Mimi nalia, yeye ananibembeleza. Akaniambia yaishe. Nikampakulia ugali na kisamvu kile kile, akala, akaramba vidole. Akaondoka kwa miguu yake." Sauti yake ilipanda. "Mtu uliyemuua hali ugali wako!"

Inspekta alimweleza. Mfupa mwembamba, mshipa, damu inayojaa polepole, mguu wa kulia, maneno yaliyopotea. Aliyaeleza kwa maneno mepesi kadiri alivyoweza, na kila neno lilimtoka kwa shida. Alipomaliza, Maimuna alikuwa ameacha kukunja khanga.

"Damu ilikuwa inavuja wakati anakula?"

"Ndiyo."

"Wakati ananisamehe?"

"Ndiyo, mama."

Kutoka ndani zilisikika sauti za wanawake wakisoma dua.

"Kwa nini hukusema asubuhi?"

"Aibu. Dada kumpiga kaka na mchi. Na nilimwacha mzima." Kisha akalisema lililobaki, huku anatazama chini. "Na nilitaka awe Hamza. Nikimwona yule mtoto naona shamba letu linakwenda. Waliponiambia ni Hamza, moyo wangu ukasema, naam, ni yeye, anyongwe. Sikutaka kufikiri zaidi ya hapo."

Alimpakia Maimuna garini, wakashuka mjini. Itakuwa kuua bila kukusudia, Inspekta aliwaza, na mahakama itaangalia. Simu ya mkuu iliita, hakuipokea. Kituoni aliagiza Hamza atolewe mahabusu.

Hamza alitoka akipepesa macho. Hakuna aliyekuwa amemweleza kitu. Alipomwona Maimuna kwenye benchi, alidhani amekuja kumlaani. Akajitupa chini miguuni pake.

"Shikamoo, shangazi. Nisamehe. Nimekuulia ndugu yako."

Inspekta alifungua mdomo, kwa kuwa ilikuwa kazi yake kusema. Maimuna alimtangulia.

"Usiniamkie, mwanangu. Inuka. Hukumuua wewe. Nilimpiga mimi na mchi, mchana, kwa ajili ya shamba. Damu ilimwingia kichwani, ikamla taratibu. Na nikataka unyongwe wewe."

Hamza alibaki amepiga magoti. Alimtazama shangazi yake, akamtazama Inspekta, akarudi kwa shangazi yake. Ikawa kama hakusikia habari ya mchi, wala ya shamba, wala ya kunyongwa.

"Kwa hiyo hakuwa amelewa?"

"Hakuwa," alisema Maimuna.

"Alikuwa anaomba maji."

Hamza aliweka paji la uso sakafuni akalia kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu baba yake afe, na pale kituoni hakuna aliyemwambia anyamaze.